Sony, Canon, Nikon, Fuji, OM au Lumix: uingie mfumo gani wa mirolesi? Anza na karatasi

Karibu kila wiki kuna mtu ananitumia picha za kamera mbili anauliza "bro nichukue ipi?", na mi namrudishia swali, unapiga nini? Kimya. Anarudi baada ya siku mbili akiwa na kamera ya tatu kwenye orodha. Namuelewa kabisa maana na mi nilikuwa hivyo hivyo, nilikaa miezi naangalia video za watu wanaopiga ukuta wa matofali kupima ukali, mpaka nikawa najua kila bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ina megapikseli ngapi ila ukiniuliza mbele yake nitafunga lenzi gani nakodoa macho tu.

Sa hapa nalinganisha mifumo sita ya mirolesi, yaani zile kamera zisizo na kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza shata. Nasema mifumo, sio kamera, kwa sababu bodi utaibadilisha tu, utake usitake. Bodi ni mgeni wa miaka minne mitano, lenzi ndo wenye nyumba. Na flashi, na betri za akiba, na mazoea ya vidole vyako.

Kwa hiyo kabla hujasonga chukua karatasi uandike lenzi tatu. Ya kwanza ni ile itakayokaa kwenye kamera siku nyingi, kwa wengi wetu ni zumu ya kawaida. Ya pili ni ndogo, haina zumu, inakula mwanga, ya usiku na ya kubeba ukiwa huna mpango wa kupiga. Ya tatu ni ya ndoto, ile ya ndege, au ya michezo, au ya sura za watu, hata kama utaipata mwaka keshokutwa. Mifumo yote nitaipima kwa karatasi hiyo.

VIGEZO

Lenzi. Sio ngapi zipo, ni kama zile tatu zako zipo, na kama kampuni nyingine zinaruhusiwa kutengeneza. Mfumo uliofungua mlango kwa Sigma na Tamron una chaguo la katikati kati ya ile hafifu na ile inayokukausha mfuko, na soko lake la mtumba linakuwa limechangamka.

Mkononi. Uzito, mshiko, vitufe. Hapa kuna kitu watu wanachanganya sana, wanadhani sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ni lazima kamera nyepesi. Lumix G9 II yenye sensa ndogo na Sony A7 IV ya fulu fremu zote zina kama gramu 660, tofauti iko kwenye lenzi. Sensa ya fulu fremu ni milimita 36 kwa 24. APS-C ni kama 23.5 kwa 15.6 (ya Canon ndogo kidogo zaidi), Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13, yaani eneo lake linaingia karibu mara nne ndani ya fulu fremu. Ndo maana lenzi ya milimita 300 (milimita nyingi, inavuta mbali zaidi) kwenye Micro Four Thirds inaona kama ya 600, ila usisahau upande wa pili wa sarafu, f/2.8 ya pale (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi) inafifisha bakigraundi kama f/5.6 ya fulu fremu.

Fokasi na giza. Inashika jicho la mtu anayetembea? Mtoto anayekimbia? Na ISO, ile namba unayoipandisha gizani, ikipanda picha inabaki picha au inakuwa uji?

Kuishi nayo. Kigezo kinachosahaulika na ndo kinachouma. Betri: Nikon D750 ya zamani yenye kioo inapewa picha 1230 kwa kipimo cha CIPA (chama cha watengeneza kamera wa Japani), wakati Sony A7 III ya 2018 ilisifiwa kwa kufika 710, sababu mirolesi inawasha sensa na skrini muda wote unaotazama. Vumbi nalo, ukitoa lenzi sensa iko wazi inakuangalia. Halafu kuna shata ya kimya.

Hiyo shata ya kimya iliniliza. Nilikuwa napiga mtu anatoa hotuba, sitaki kusumbua ukumbi, nikaweka shata ya kielektroniki, taa za juu zilikuwa LED. Kwenye skrini ya nyuma picha zinaonekana poa kabisa. Nafika nyumbani nafungua kwenye kompyuta, michirizi ya giza na mwanga imepita juu ya uso wa mzee wa watu kama kivuli cha ngazi, fremu arobaini na kitu, na ndo zile dakika alizochangamka. Kosa langu, sio la kamera. Sensa nyingi zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na taa ya LED inapepesa haraka kuliko jicho linavyoona, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa iko juu na mingine ikiwa imezimika. Dawa ni kurudi kwenye shata ya mitambo, au kuwa na sensa inayosoma haraka sana. Sony A9 III iliyotangazwa 2023 inasoma sensa nzima kwa mpigo mmoja, ila hiyo sio kamera ya mtu anayeanza. Mifumo yote sita ina bodi zenye ugonjwa huu, kwa hiyo hapo chini sitaurudia.

SONY E

Lenzi: Mdomo huu (naita mdomo pale lenzi inapofungwa) ulianza 2010 kwenye kamera za NEX, na 2013 ukaingia fulu fremu kwa A7 ya kwanza. Na Sony waliwapa wengine vipimo vya mdomo wao mapema, tangu 2011, ndo maana leo karatasi yako inajaa kirahisi kuliko kwingine kote. Zumu ya kila siku ya f/2.8? Kuna Tamron 28-75 ya gramu 540, Sigma 28-70 ya 470, na ya Sony wenyewe 24-70 GM II ya 695, chagua mfuko wako unasemaje. Ndogo: FE 50mm f/1.8, gramu 186. Ndoto ya ndege: 200-600, nzuri sana lakini ni kilo 2 na ushee, jiandae.

Mkononi: Bodi ni ndogo na kwa mikono mikubwa kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Menyu za zamani zilikuwa msitu, kuanzia A7S III ya 2020 zikapangwa upya, kwa hiyo ukinunua mtumba angalia ni ya kabla au baada.

Fokasi: Hapa hawa wamekaa. Tangu A7 III kushika jicho la mtu kumekuwa kitu cha kusahau, unapanga fremu tu.

Kuishi nayo: Betri ya NP-FZ100 ni ya kutegemea. Ila bodi nyingi za APS-C za zamani kama A6000 na A6400 zinatumia NP-FW50, ndogo, chini ya nusu ya uwezo wa ile, na A6400 haina kituliza mtikisiko ndani ya bodi. A6600 na A6700 zinatumia betri kubwa. Bodi zao za kasi zinapenda kadi za kumbukumbu za CFexpress Type A, wakati wengine wengi wako Type B, hivyo kadi hamuazimani.

Inamfaa: mpiga harusi na matukio, anayechanganya picha na video, na anayetaka kununua lenzi za mtumba bila kusubiri. Kama unapenda kamera iwe na roho fulani hivi, utaiona kama kikokotoo. Inafanya kazi yake, haikuimbii.

CANON RF

Lenzi: Kwanza kisa. 2012 Canon walitoa EOS M yenye mdomo wa EF-M, watu wakanunua, halafu 2018 ikaja EOS R na mdomo mpya wa RF, na lenzi za EF-M haziingii huku, mdomo wa RF unakaa mbali zaidi na sensa (milimita 20 dhidi ya 18) kwa hiyo hata adapta haina pa kukaa. Waliokuwa na EF-M wakabaki na mfumo uliofika mwisho wa barabara. Sisemi hivi kuisema vibaya Canon, nasema ndo maana ya kuangalia mdomo kabla ya bodi.

RF yenyewe ina afya. Tatizo lake ni mlango: kwa miaka Sigma na Tamron hawakuwa na lenzi za fokasi ya kujiendesha humo, 2024 ndo wakaruhusiwa na wakaanzia kwenye APS-C. Kwa hiyo kwenye fulu fremu karatasi yako inaenda kwa Canon wenyewe, na wao wamezoea kukupa ncha mbili, nyepesi ya kawaida au ile ya mstari mwekundu, ya daraja la juu, inayokata mkono. Katikati pamekuwa pakavu ingawa 28-70 f/2.8 ya gramu 495 iliyotoka 2024 imeziba pengo kubwa. Ndogo: RF 50mm f/1.8, gramu 160 tu. Ndoto wamefanya kitu ambacho wengine hawakuthubutu, RF 600mm f/11, chini ya kilo moja! f/11 hiyo haibadiliki, jua likizama umefunga duka, ila mchana unaibeba siku nzima bila kulalamika.

Na kama una lenzi za EF (za Canon za zamani zenye kioo) kabatini, adapta yao inazichukua zote na fokasi inafanya kazi kama kawaida, wakati mwingine vizuri kuliko kwenye kamera yake ya zamani.

Mkononi: Kwangu mshiko bora. Unaichukua mara ya kwanza na vidole vinajua pa kwenda.

Fokasi: Inakaa meza moja na Sony. R6 Mark II inashika na haiachii.

Kuishi nayo: Kitu kidogo ninachokipenda, kuanzia EOS R bodi kadhaa zinafunga shata ukizima kamera, kwa hiyo ukibadili lenzi kwenye upepo sensa imejifunika. Betri za LP-E6 zilizoanza na 5D Mark II ya 2008 bado zinaingia kwenye R6. Angalia bodi nyepesi kama R8, haina kituliza mtikisiko na betri yake ni ile ndogo ya LP-E17, ukienda nayo kwenye tukio beba tatu.

Inamfaa: mwenye lenzi za EF, anayepiga watu na anataka rangi ya ngozi ikae sawa bila kuhangaika sana, na anayetaka kamera isiyohitaji kusomewa.

NIKON Z

Lenzi: Mdomo mpana kuliko wote hapa, milimita 55, na uko karibu na sensa kuliko wote, milimita 16. Hizo namba sio za kujisifia tu. Kwa kuwa Sony E inakaa milimita 18, kuna adapta nyembamba kama kadi zinazofunga lenzi za Sony kwenye bodi ya Z na fokasi ikafanya kazi. Kinyume chake hakiwezekani. Zumu zao za f/4 ndo siri yao, 24-70 f/4 ya gramu 500 na 24-120 f/4 ya 630, hii ya pili mi ningeishi nayo mwaka mzima. Ndogo: 40mm f/2, gramu 170. Ile 50mm f/1.8 S ni kali kupita kiasi ila ina gramu 415, usije ukaiita ndogo. Ndoto: 180-600 ya 2023, karibu kilo 2.

Mwenye lenzi za zamani za F (za Nikon zenye kioo), adapta ya FTZ ipo lakini haina mota, kwa hiyo zile za AF-D zinazozungushwa na bisibisi ya ndani ya bodi utazungusha fokasi kwa mkono. Wengi wanagundua hili wakishanunua.

Mkononi: Mshiko mnene, wa kubeba lenzi nzito. Isipokuwa Zf ya 2023, yenye vipete vya kizamani na mbele laini kama sahani, nzuri kuangalia, inateleza kushika.

Fokasi: Hapa ni kabla na baada. Z6 na Z7 za 2018 zilikuwa nyuma ya wenzao kwa vitu vinavyokimbia. Z9 ya 2021, ambayo haina kabisa shata ya mitambo, ikageuza meza, na ubongo wake ukashuka kwa Z8, Zf na Z6 III. Ukiambiwa "Nikon fokasi mbovu" muulize alitumia ya mwaka gani.

Kuishi nayo: Betri ya EN-EL15 ya zamani inaingia, kwa picha chache zaidi. Z6 na Z7 za kwanza zina nafasi moja tu ya kadi, ya XQD. Kama unapiga kazi ya mtu isiyorudiwa subiri ya 2020 kwenda mbele yenye nafasi mbili.

Inamfaa: wa mandhari, wa wanyama, na aliyetoka Nikon ya kioo ambaye vidole vyake vimeshakariri.

FUJIFILM X

Lenzi: Ulianza 2012 na X-Pro1 na umebaki APS-C peke yake, hakuna fulu fremu ya kupandia. GFX yao ni sensa kubwa zaidi ya fulu fremu na mdomo wake ni mwingine kabisa, lenzi hazihamii. Faida yake ni kwamba lenzi zote zimechongwa kwa sensa hii hii, hazibebi nyama ya ziada. Zumu ya 18-55 f/2.8-4 gramu 310. Ndogo utachagua mpaka uchoke, 35mm f/2 ni 170 na ile 27mm f/2.8 ni 84, inakaa mfukoni ikiwa imefungwa kwenye kamera. Ndoto: 150-600 f/5.6-8, kilo 1.6, ipo ila sio kitu wanunuzi wa Fuji wanakifuata. Sigma, Tamron na Viltrox nao wamo.

Mkononi: Hapa ndo wengi wanapopenda. Kipete cha kasi ya shata juu, pete ya f kwenye lenzi nyingi, unaangalia kamera iliyozimwa na unajua imewekwaje. Hii ikuvutie au isikuvutie, haina ubishi wa kimantiki. Mi inanifanya nitoke nyumbani na kamera, na kamera iliyotoka nyumbani ina picha nyingi kuliko iliyobaki.

Fokasi: Niseme ukweli, kwa watu waliotulia na mitaani inatosha sana. Kwa mtoto anayekukimbilia au mchezaji, haijafika kwa Sony, Canon na Nikon wa sasa. Giza: iko nyuma ya fulu fremu kwa karibu hatua moja, yaani kama nusu ya mwanga, sio janga.

Kuishi nayo: Zile rangi za filamu, Classic Chrome, Velvia, Acros, zinafanya JPEG itoke imeiva. Kuna wanaotuma picha bila kufungua kompyuta kabisa, na kama unachukia kuediti hii peke yake inaweza kuamua. Ukipiga RAW (faili ghafi la kuediti mwenyewe) jua sensa ya X-Trans ina mpangilio wake, na baadhi ya programu za kuediti ukivuta ukali kwenye majani zinatoa vinyoya kama minyoo. X-T5 ya 2022 ni megapikseli 40, mafaili mazito, kompyuta ya zamani itakohoa. Bodi ndogo bado zina betri ya NP-W126S, inaisha ukiwa bado una hamu.

Inamfaa: msafiri, mpiga mitaani, wa familia, anayepiga kwa raha. Kwa harusi? Wapo wanaozipiga na wanazipiga vizuri, wanajua tu wapi pa kusimama.

MICRO FOUR THIRDS (OM SYSTEM NA LUMIX G)

Lenzi: Wakongwe wa hapa, kamera ya kwanza ya mirolesi ya kubadili lenzi kwa mfumo huu ilikuwa G1 ya 2008 ya Panasonic, hao ndo wenye jina la Lumix. Olympus waliuza kitengo chao cha kamera na tangu Januari 2021 kiko chini ya OM Digital Solutions, jina OM System. Watu walitangaza msiba, maiti bado inatoa bodi mpya. Lenzi za Panasonic na za Olympus zinaingiliana. Na hapa karatasi inakuwa nyepesi kichekesho: zumu 12-45 f/4 gramu 254, ndogo ya sura 45mm f/1.8 gramu 116, ndoto 75-300 gramu 423 inayoona kama 150-600. Jumla haifiki gramu 800. Hizo zote tatu ni nyepesi kuliko 24-70 f/2.8 moja ya RF yenye gramu 900.

Sasa wasikudanganye pia. Watu wanaweka 300mm f/4 ya Olympus, kilo 1.3 hivi, pembeni ya 600mm f/4 ya Sony yenye kilo 3 wanasema ni kitu kimoja. Sio kimoja. Zinaona upana sawa, ila kwa mwanga wote unaofika kwenye sensa ile ya Olympus ni kama f/8 ya fulu fremu. Alfajiri msituni utaijua tofauti. Saa nne asubuhi, mlimani, na mgongo wako, tofauti utaijua upande mwingine.

Mkononi: Kuanzia za mfukoni hadi G9 II nzito.

Fokasi: Panasonic waling'ang'ania mfumo wao wa zamani wa fokasi, kwenye mstari huu G9 II ya 2023 ndo ya kwanza kupata ile ya fezi, inayojua moja kwa moja lenzi iende upande gani. OM-1 ya 2022 inatambua ndege na sensa yake inasoma haraka. Giza ni udhaifu, kituliza mtikisiko chao kinakuruhusu kushika kwa mkono sekunde nzima kwenye jengo au mto, lakini watu wanaocheza hawatulii kwa ajili yako.

Kuishi nayo: OM-1 imepimwa IP53 kwa vumbi na maji. Kuna kichujio cha ND (cha kupunguza mwanga) ndani ya programu, maporomoko ya maji yanalainika bila kubeba vioo.

Inamfaa: mpanda milima, mpiga ndege anayetembea kilomita nyingi, wa wadudu na maua, na yeyote ambaye daktari ameshamwambia habari za mgongo.

L (LUMIX S, SIGMA, LEICA)

Lenzi: Ushirika wa Leica, Panasonic na Sigma ulitangazwa 2018, kwa hiyo Sigma humu sio mgeni, ni mwenye hisa. Zumu ya 20-60 ya gramu 350 inaanzia 20, pana kuliko zumu nyingi za kuanzia. Lenzi za f/1.8 za Panasonic, 24, 35, 50, 85, zina umbo karibu moja, uzito karibu mmoja na zote zinakula kichujio cha 67, anayetumia gimbali (kishikio kinachotuliza kamera ukitembea) anajua raha yake, unabadili lenzi bila kusawazisha upya. Ndoto ya ndege, unategemea zaidi Sigma 150-600.

Mkononi: Bodi nene, imara, sio ya kuficha.

Fokasi: S5 II ya Januari 2023 ndo Lumix ya kwanza yenye fokasi ya fezi. Za kabla yake kwenye video zinapumua, zinaenda mbele zinarudi nyuma, ukinunua mtumba usiseme hukuambiwa.

Kuishi nayo: Menyu safi, vifaa vya video vimejaa. Soko la mtumba bado jembamba.

Inamfaa: wa video kwanza picha baadaye, na shabiki wa Sigma.

SASA KWA HALI YAKO

Una lenzi za Canon EF zaidi ya mbili, nenda RF, mengine ni kujitafutia gharama. Una za Nikon F zenye mota ndani (AF-S), nenda Z. Una AF-D peke yake, huna sababu ya kufungwa na Nikon, anza upya popote.

Unaingia kazini, harusi na matukio, huna lenzi hata moja: Sony kwa sababu ya mtumba na Tamron, Canon kama mkono wako umekataa Sony, Nikon kama wenzako unaofanya nao kazi wako Nikon. Hii ya wenzako usiidharau. Kuazimana lenzi siku ya dharura, kupeana betri, na hata kifaa cha kuwashia flashi kwa mbali, maana cha Godox kwa mfano kinauzwa kwa mfumo, cha Sony hakiongei na kamera ya Canon.

Unapiga familia, safari, mtaa, na kazi yako ni nyingine: Fuji au Micro Four Thirds, na baina ya hizo jiulize kama unachukia kuediti au unachukia uzito.

Ndege na wanyama: bajeti kubwa na gari la kubebea, Nikon, Sony au Canon. Unatembea kwa miguu, OM. Bajeti ndogo na jua la kutosha, Canon yenye 100-400 f/5.6-8, gramu 635 tu.

Video ndo mkate wako: Lumix S au Sony. Ya kwanza kwa vifaa ilivyokupa ndani ya bodi, ya pili kwa fokasi ukiwa peke yako mbele na nyuma ya kamera.

Mi mwenyewe niko na mifumo miwili, ndo ujue hata anayetoa ushauri hajamaliza kuamua.

Ukibaki na mbili zinazolingana kwenye karatasi, zikodi au ziazime, wikendi moja moja, na zile lenzi zako, sio ile ya kwenye boksi. Weka begi zima kwenye mizani kabla ya kutoka. Jioni usianze na picha, jikumbushe tu saa ngapi uliirudisha kamera kwenye begi na hukuitoa tena, na wikendi ya pili ilikuwa saa ngapi.